Manowari ya Pwani Huchorwa na Maji Yake

Hotuba hii niliitoa Mombasa mbele ya mafundi wa boti, mabaharia na wanafunzi wa uhandisi wa meli. Waliokosa kufika waliomba niiandike. Nimeiandika nilivyoisema, nikaacha tu picha zilizoonyeshwa ukutani.

Wazee wetu wa bahari, mama zangu, mafundi wenzangu, nanyi vijana mliobanana huko nyuma: asalaam aleikum, na habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie manowari za kisasa za pwani: zinavyobuniwa, zinavyojengwa, na maisha yake zikishaingia kazini. Ningeweza kuwatajia meli kumi harakaharaka. Nimeona afadhali tuichukue moja tuikague kutoka omo hadi tezi, na nyingine zije kuisaidia tu. Meli hiyo ni ya Sweden, inaitwa Visby. Nimeichagua kwa sababu kila kilichomo ndani yake, ukiuliza kimekujaje, jibu lake utalikuta kwenye maji ya kwao. Manowari ya pwani huchorwa kwanza na maji yake. Mhandisi anakuja baadaye na kalamu.

Basi tuanze na maji.

Bahari ya Baltiki haina kina kirefu. Wastani wake ni kama mita 55. Sisi hapa tukitoka Kilindini tukaupita mlango wa miamba, safari si ndefu tunakuwa juu ya mamia ya mita. Kule sivyo. Mbele ya Stockholm peke yake kuna visiwa, vipwa na miamba ipatayo 30,000. Halafu maji yenyewe yana chumvi kidogo, kwa sababu mito mingi inamiminika humo na mlango wa kutokea ni mwembamba. Maji mepesi hukaa juu, yenye chumvi zaidi hukaa chini, na joto nalo hubadilika kadiri unavyoshuka. Sauti ikikutana na tabaka hizo hupinda. Je, mnaona matokeo yake? Nyambizi inaweza kujilaza chini ya tabaka, na meli ikapita juu yake na sona yake, yaani chombo cha kusikilizia sauti chini ya maji, isisikie kitu.

Tarehe 27 Oktoba 1981 nyambizi ya Kisovieti ilipanda mwamba kusini mwa Sweden. Ilinasa jirani kabisa na Karlskrona, kituo kikuu cha jeshi la wanamaji la nchi hiyo. Sikilizeni vizuri: nyambizi ya kigeni imekwama mlangoni pa kituo cha jeshi, na waliopeleka habari ni wavuvi. Waswidi waliiita U 137. Walipopima mionzi kwa nje walikuta dalili za urani, na wakaamini kuwa ndani kulikuwa na silaha za nyuklia. Meli za Kisovieti zilipoonekana zikisogea, Waziri Mkuu Thorbjörn Fälldin alimpa mkuu wa majeshi amri fupi: shikilieni mpaka. Siku kumi baadaye nyambizi ilivutwa ikatolewa, ikaenda zake.

Jiulizeni: ile iliyokwama ilionekana kwa sababu ilikwama. Na zisizokwama je? Swali hilo liliwakosesha Waswidi usingizi kwa miaka mingi. Mwaka uliofuata walisaka tena nyambizi karibu na Stockholm, wakatupa mabomu ya kina, yale ya kulipukia chini ya maji, hawakuibua nyambizi hata moja. Hapo ndipo haja ikajulikana waziwazi. Walitaka meli isiyohitaji maji marefu, inayosikia chini ya zile tabaka, isiyoamsha mabomu yaliyotegwa baharini, na ambayo adui aliye kwenye kisiwa cha pili asiitambue mapema.

Vijana, angalieni mpangilio wa kazi yao. Hawakuanza kwa kuuliza ni kombora gani zuri liko sokoni. Walianza na tabia ya maji na tabia ya adui wao. Tena hawakurukia meli kubwa siku ya kwanza. Miaka ya 1970 walijenga meli ndogo ya kufagia mabomu, Viksten, kwa faiba yenye povu gumu katikati. Miaka ya 1980 wakaja na Landsort na wenzake kwa ujenzi huohuo, kubwa zaidi. Mwaka 1991 wakaishusha majini Smyge, meli ya majaribio ya mita 30, ya kujifunzia kujificha. Smyge ilielea juu ya hewa iliyosukumwa chini ya tumbo lake ili ikimbie. Walipokuja kuchora Visby wakaiacha ile hewa, wakabaki na mengine yaliyofaa. Mimi nawaheshimu sana kwa hilo. Kutupa ulichokigharimia ni kazi ngumu kuliko kuongeza kingine.

Sasa tuingie karakanani. Hapa nitakaa sana, mnivumilie, maana wengi mliomo humu mikono yenu inanuka resini, ile gundi ya maji inayokauka ikawa ngumu.

Kipande hiki ninachokipitisha nimekitengeneza mwenyewe, kipokezaneni mkishike. Ukubwa wake ni wa kitabu. Mzee, hebu jaribu kukikunja. Hakikunjiki, sivyo? Na uzito wake? Karibu hakuna. Tazameni ubavuni: juu kitambaa cheusi cha nyuzi za kaboni, katikati povu gumu, chini kitambaa cheusi tena. Basi. Visby ina urefu wa mita 72.7 na upana wa mita 10.4, na bodi yake nzima imejengwa hivi. Haina mataruma ya chuma yaliyovishwa mabati.

Inajengwaje? Mafundi wa pale Kockums, kiwanda cha meli cha Karlskrona, walitandika kitambaa kikavu, povu, kisha kitambaa kingine. Juu yake wakafunika karatasi ya plastiki, wakaziba kingo zote zisipitishe hewa, wakawasha pampu ya kunyonya. Hewa ikitoka, plastiki inajibana hadi unaona mfumo wa kitambaa kupitia kwake. Ndipo wanafungua mirija ya resini. Resini inavutwa ndani yenyewe, na fundi anasimama akiangalia ule mstari wa unyevu ukitambaa polepole kwenye kitambaa. Wangapi hapa mmewahi kuutazama mstari huo? Nyinyi mnajua moyo unavyodunda. Ukisimama kabla ya kufika ukingoni, umepata doa kavu, na doa kavu kwenye bodi ya manowari ni kukata na kurudia. Tofauti na sisi tunaopaka resini kwa brashi na rola, njia hii hupunguza resini ya ziada, hivyo kipande hutoka chepesi na chenye nguvu ileile kila mahali. Na mvuke wa resini haumjai fundi kifuani.

Mtaniuliza: mbona kaboni, ghali vile, na si faiba ya kioo tunayonunua hapa kwa kilo? Sababu ya kwanza ni uzito. Bodi hiyo ina takriban nusu ya uzito wa bodi ya chuma ya ukubwa huo. Meli nzima ni tani 640 hivi na tumbo lake huingia majini mita 2.4 tu. Ya pili, haina sumaku ya chuma, kwa hiyo bomu la kutegwa linalosubiri chuma kipite halishtuki kirahisi. Ya tatu ndiyo inayosahauliwa: kaboni hupitisha umeme, faiba ya kioo haipitishi. Bodi ya kaboni inazuia mawimbi ya redio ya mitambo ya ndani yasivuje nje na kuwaita maadui.

Kisha umbo. Mmeona kwenye picha meli ile imekaa pembepembe, bapa, haina hata kona ya mviringo. Rada ni kama tochi usiku. Ukiimulika kwenye kioo kilichosimama wima mbele yako, mwanga unakurudia machoni. Kiinamishe kioo, mwanga unakwenda mbinguni. Kila ubao wa Visby umeinamishwa hivyo. Na chochote ambacho kingesimama wima kimefichwa. Mzinga wa milimita 57 una mtutu unaolala ndani ya kasha lake usipotumika. Makombora yako ndani ya ubavu, nyuma ya vifuniko. Moshi wa injini hautoki kwenye dohani juu; unatolewa nyuma, chini karibu na maji, ili upoe na macho ya kuona joto yasiudake. Wajenzi wanasema bahari ikichafuka, rada ya adui itaiona ikiwa imebaki kilomita 13, na bahari ikitulia kilomita 22. Sweden, kwenye visiwa vile, umbali huo unatosha kwa meli kufanya kazi yake ikapotea nyuma ya kisiwa.

Chini ya maji pia imenyamazishwa. Haina propela. Ina mitambo miwili inayonyonya maji na kuyarusha nyuma kwa nguvu, hivyo hakuna kitu kinachoning'inia chini kugonga mwamba. Kwa mwendo wa doria hutumia dizeli mbili. Ikitaka kukimbia huwasha turbini nne za gesi zenye jumla ya megawati 16, na inapita noti 35, yaani maili 35 za baharini kwa saa. Na kwa zile tabaka za maji? Ina sona iliyofungwa kwenye bodi, ina nyingine inayoburutwa nyuma kwa waya mrefu, na ina ya tatu inayoshushwa hadi kina unachokitaka, yaani unalipeleka sikio chini ya tabaka kule alikojilaza adui. Mabaharia wake ni 43 tu.

Imeelea vizuri. Je, haina ubaya? Ina. Wenzetu wa Indonesia walilipa bei ya malighafi hii mchana kweupe.

Banyuwangi ni mji wa bandari, mashariki ya Java. Tarehe 31 Agosti 2012 walishusha majini KRI Klewang, manowari ya kaboni yenye matumbo matatu, mita 63, nyeusi, nzuri ajabu. Nchi nzima ilijivunia. Tarehe 28 Septemba, hata mwezi haujatimia, meli ikiwa imefungwa gatini bado mafundi wanaifanyia kazi, ikashika moto. Haikuokoka. Resini ya kawaida ikishika moto hailegei polepole kama chuma. Inakuwa kuni. Waliporudi na meli nyingine ya aina hiyo, KRI Golok, iliyoshushwa 2021, walibadilisha mchanganyiko wa malighafi ili ustahimili moto.

Ndugu zangu mafundi, nalisema hili kwa uchungu. Nimeingia karakana nyingi za boti kwenye mwambao huu nikakuta waya wa umeme uliovuliwa ngozi umepita juu ya mapipa ya resini, na mtungi wa kuzimia moto umetumika kuzuia mlango. Mnasikia? Klewang ilikuwa ya wahandisi hodari, na iliondoka kwa siku moja. Waya. Mapipa. Mtungi. Mkirudi leo, anzeni na hayo matatu.

Sasa nije kwenye utumishi, kwa sababu meli kuelea na meli kutumika ni mambo mawili.

Visby ilishushwa majini tarehe 8 Juni 2000. Watu walipiga makofi. Mnajua meli za kwanza za aina hiyo zilikabidhiwa jeshi lini? Desemba 2009. Miaka tisa na nusu! Kila kitu kilikuwa kipya, fedha zilipunguzwa, mipango ikabadilishwa. Meli ya sita ilifutwa, zikabaki tano: Visby, Helsingborg, Härnösand, Nyköping na Karlstad. Banda la helikopta lilionekana finyu, likaachwa. Helikopta ndogo inaweza kutua lakini haina pa kulala. Makombora ya kuangushia ndege yaliondolewa kwenye mpango mwaka 2008. Baadaye dunia ilibadilika, na mwaka 2023 Sweden ikaamua kuyaweka, aina ya Sea Ceptor kutoka Uingereza. Nafasi yake ndani ya meli ilikuwepo tangu mwanzo. Mchoraji aliyeacha nafasi tupu, miaka kumi na mitano baadaye alionekana aliona mbali.

Na kazi iliyochorewa ilikuja. Oktoba 2014 Sweden ilipata habari za kitu cha kigeni chini ya maji kwenye visiwa vya Stockholm. Visby ilikuwa miongoni mwa meli zilizopekua kwa juma zima. Hawakuibua nyambizi, lakini Novemba mkuu wa majeshi alisimama hadharani akathibitisha kwamba chombo kidogo cha kigeni kiliingia. Mwaka 1981 mlinzi alikuwa mwamba. Mara hii kulikuwa na meli zinazosikiliza.

Linganisheni na Marekani. Walitaka manowari ya pwani pia, wakaibuni bila kuamua ni pwani gani. Leo isake nyambizi, kesho itegue mabomu, keshokutwa ipigane na boti ndogo, kwa kubadilisha vifaa bandarini. Ikimbie zaidi ya noti 40. Iwe rahisi: dola milioni 220 kila moja. Ilifika zaidi ya milioni 500. Desemba 2015 mojawapo ya meli hizo, USS Milwaukee, ilikuwa haijatimiza mwezi kazini ilipoharibikia baharini ikavutwa hadi Virginia. Tatizo la gia ya kuunganisha dizeli na turbini likaziandama meli za kundi lake. Vifaa vya kusakia nyambizi vya meli hizo vikafutwa. Mwenzake, USS Sioux City, ilianza kazi Novemba 2018, ikastaafishwa Agosti 2023. Miaka mitano haijaisha! Wahandisi wa Marekani si wabovu, jamani. Waliambiwa wachore meli ya maji yote, na matengenezo yakategemea sana wakandarasi, mabaharia wachache waliomo melini wakawa hawawezi kuifungua injini yao wenyewe.

Hata Waswidi wakitoka kwao hupata shida hiyo. Mwaka 2009 walipoleta koveti zao mbili za zamani, yaani manowari ndogo za pwani, Stockholm na Malmö, kupambana na maharamia wa Somalia, walilazimika kuja na meli ya tatu, Trossö, ya kuzihudumia. Koveti ya pwani haibebi mafuta, maji na vipuri vya kukaa mbali na nyumbani. Walikuja chini ya operesheni ya Umoja wa Ulaya, na kazi yake mojawapo ilikuwa kusindikiza meli za chakula za WFP, Shirika la Chakula Duniani, na chakula kingi kilipakiwa hapahapa Mombasa. Pengine wapo humu waliokibeba begani.

Na sisi je? Hapo Mtongwe, kituo cha wanamaji wetu wa Kenya, tunazo manowari KNS Nyayo na KNS Umoja, zilizojengwa Uingereza na Vosper Thornycroft miaka ya 1980. Jamaa zetu wa Oman walinunua dada zao kutoka kiwanda kilekile. Zetu zilipochoka zikapelekwa Italia kukarabatiwa, zikarudi 2011. Muda wote huo ulinzi wa maji yetu ulipungukiwa na meli mbili. KNS Shujaa ikapelekwa Uholanzi. KNS Shupavu ndiyo iliyokarabatiwa hapa nyumbani na Kenya Shipyards Limited, na hilo mimi nalihesabu kuwa tukio kubwa kuliko kununua meli mpya, kwa sababu mikono iliyoifungua bado iko hapa ng'ambo ya feri.

Maji yetu yanataka nini? Semeni wenyewe. Hatusakwi na nyambizi chini ya tabaka za chumvi. Tuna ukanda mwembamba wa matumbawe, kisha kilindi cha ghafla. Kusi inapovuma mawimbi yanakuwa marefu, hayafanani hata kidogo na mawimbi mafupi ya Baltiki. Tunaibiwa samaki usiku na meli za mbali. Dawa za kulevya zinapita kwenye majahazi. Mikoko ya Lamu ina mikondo ambayo boti inayohitaji kina cha mita moja tu ndiyo inayoingia. Kwa maji haya mimi singeomba Visby hata ningepewa bure. Ningeomba meli ya doria inayovumilia kusi majuma mawili bila kurudi, yenye injini ambayo fundi wa Likoni anaweza kuifungua na kuifunga, na tumboni mwake boti mbili za kasi za kuingia mikokoni.

Hizo boti za kasi tunaweza kuzijenga sisi. Ujuzi wa faiba tunao. Kinachokosekana ni pampu ya kunyonya, mirija, povu zuri, na mtu wa kuwaonyesha vijana mara tatu nne. Karakana yangu ina pampu moja na iko wazi Jumamosi. Anayetaka kujifunza aje na kinga ya mikono na miwani, kitambaa na resini nitatoa mimi. Tutaanza na kipande cha ukubwa wa mlango, tukikipata bila doa kavu twende kwenye boti ya mita sita. Wanafunzi, andikeni majina yenu kwa katibu pale mlangoni. Wazee, tunawahitaji nyinyi zaidi: njooni mtuambie kusi ikivuma pale Shela, Lamu, boti hupigwa wapi kwanza, ili tujue pa kuongeza kitambaa.

Asanteni. Maswali tuanze na wa nyuma, maana wamesimama muda mrefu.